Skrubu Moja ya Madamu

Madamu alitazama kucha zako kabla hajaitikia salamu. Ulisimama mlangoni ukasema shikamoo, macho yake yakashuka kwenye vidole, na kama kucha zilikuwa ndefu au zina udongo, marahaba ilichelewa. "Kazikate kwanza," alisema, "halafu uje uniamkie vizuri." Tulikuwa wasichana wa kujifunza kupiga taipu, pale Kilosa, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake karibu na reli, na wengi wetu tulifika moja kwa moja kutoka shambani. Udongo wa mpunga hautoki kwa kupangusa kwenye kanga. Leo nina wajukuu, na bado nikimwamkia mtu aliyenizidi umri nakunja vidole.

Jina langu hakulitumia hata siku moja. Alituita kwa mahali tulipokaa. Kulikuwa na Mlangoni, kulikuwa na Chini ya Saa, kulikuwa na Kona, na mimi nilikuwa Dirishani. Kozi iliisha, tukaolewa, tukahama, wengine wakawa watu wakubwa, majina yakabaki yale yale. Siku moja tuko naye stendi, gari la ofisi likasimama, akashuka mama mmoja mwenye cheo chake wilayani, watu wanampisha. Madamu akapaza sauti: "Chini ya Saa! Mgongo!" Yule mama akanyooka mbele ya watu wote, mkoba ukamponyoka, halafu akaja anakimbia, akapiga goti. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Madamu hakucheka. Kwake hakukuwa na kichekesho, mgongo ulikuwa umepinda.

Nimekwishasikia watu wakimwita mkali. Alikuwa mkali, sikatai. Lakini ukali wake ulikuwa na utaratibu, ukishaujua unaishi nao. Alianza na mashine za taipu, na baadaye akapata kompyuta, zile za zamani, nzito, rangi ya ufuta, zilizokuja zimeshatumika huko zilikotoka. Lori lile lile lililomletea zake lilishusha nyingine ofisi ya shamba la mkonge, Rudewa. Sisi tulidhani tutakaa tubonyeze. Wapi! Wiki za mwanzo hatukuruhusiwa hata kugusa swichi. Tulifundishwa kufungua mfuniko, kutazama ndani, kufuta vumbi kwa brashi laini, na kufunga.

"Usiyeweza kumfungua usimwashe," alisema. Kompyuta alizizungumzia hivyo, kama watu.

Skrubu ndizo zilizotutesa. Ukifungua, kila skrubu unailaza juu ya kitambaa cheupe, mahali pake, kama ilivyokaa kwenye mashine: ya juu kushoto inalala juu kushoto, ya chini kulia inalala chini kulia. Ukimaliza, kila moja inarudi kwenye tundu lake. Tukimwambia kwamba zote ni sawa, anajibu kuwa zinafanana, na kufanana si kuwa sawa. Tena alitufundisha kufunga kwa sikio. Skrubu iliyo kwenye tundu lake inaingia kimya. Isiyo yake ndiyo inayolia, inasaga, inakula meno ya tundu, na tundu likishaliwa meno hakuna fundi wa kulirudisha. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake, ametugeuzia mgongo, anafuma vitambaa, na kutoka huko huko anasema, "Kona, toa hiyo. Siyo yake." Kona anatoa, na kweli, siyo yake.

Alikuwa na mambo yake ya ajabu pia, nisimfanye malaika. Mtu huyo aliyepima kila kitu kwenye mashine, jikoni hakupima kitu. Chumvi aliitupa kwa kiganja akiwa anaongea, na kuna siku mboga yake ilimshinda hata paka. Kanisani kwao, Anglikana, aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya na nje kabisa ya wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alisema Mungu asisumbuliwe kwa habari za mashine, lakini kabla ya kuwasha nilimwona akifumba macho, midomo inacheza.

Na uongo. Alichukia uongo kuliko uchafu wa kucha. Msichana aliyesema alichelewa kwa sababu ya msiba, kumbe alikuwa mnadani, alifukuzwa wiki nzima. Lakini simu yake ikilia na hakutaka kutoka, Madamu aliipokea akiwa amekaa barazani kwake, mguu juu ya mguu, na kusema kwa utulivu, "Niko Morogoro, mwanangu, narudi kesho kutwa." Jogoo anawika nyuma yake. Nilipomwangalia alisema, "Huo si uongo, Dirishani. Huo ni mlango. Kila nyumba ina mlango."

Halafu mto ulifurika. Wanaoishi Kilosa wanajua Mkondoa ukiamua kuja hauulizi, unakuja na matope, na miti, na mbuzi wa watu. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mikumi, nimefungua duka la kutoa kopi kando ya barabara kuu, kwa hiyo niliyoyasikia niliyasikia kwa majirani. Maji yaliingia chumba cha mbele. Watu waliokoa magodoro na masufuria. Madamu alichukua kompyuta moja, akajitwisha kichwani, akatoka nayo maji yakiwa kiunoni. Godoro lilikwenda, redio ilikwenda, mashine nyingine zote zilizama kwenye matope.

Ile aliyoiokoa nayo ilikuwa imeingia maji. Akaifungua yote. Akaiosha kwa maji safi na brashi, kipande kwa kipande, akaianika. Skrubu alizifuta kwa mafuta ya taa zisishike kutu, akazipanga kwenye ungo kila moja mahali pake, akaziweka juani. Siku zile Kilosa nzima ilikuwa imeanikwa: mpunga kwenye nyungo, nguo kwenye miti, vitabu vya shule kwenye mikeka. Kuku wa mtaa mzima walikuwa wanatembea kati ya nyungo, wanadokoa mpunga uliolowa, na mwenye mpunga akiwafukuza wanahamia kwa jirani. Kuku wa Madamu mwenyewe walipofika kwenye ungo wake walikuta vitu vidogo vinang'aa. Kuku akiona kitu kidogo kinachong'aa hamuulizi mtu.

Alitoka ndani akakuta ungo una nafasi.

Ndipo ulipoanza ule ukarimu wake uliozungumzwa mpaka Magole. Kila mgeni aliyefika kwa Madamu alichinjiwa kuku. Muuza mkaa alichinjiwa kuku. Watu walisema mafuriko yamemlainisha moyo. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta skrubu zake, na alikuwa na orodha ya washukiwa kichwani. Firigisi kwetu ni ya baba wa nyumba, au ya mgeni mwanamume wa heshima, na inaletwa nzima. Kwa Madamu ilikuwa inapasuliwa jikoni na yeye mwenyewe, kwa kisu kidogo, karibu na taa. Mchungaji alipotembelea aliletewa firigisi iliyokatwa vipande vipande. Akaitazama, akamtazama mama mwenye nyumba.

"Madamu, hii imepata ajali?"

"Kula, mchungaji. Nimeikagua kwa ajili yako."

Kwenye firigisi hiyo hiyo zilikuwa zimetoka mbili, zimesuguliwa na mchanga mpaka zinameta kuliko mwanzo. Hivyo ndivyo zilivyorudi, kuku kwa kuku, mpaka banda likabaki na jogoo peke yake, ambaye alikuwa hana hatia. Zote zilipatikana isipokuwa moja, ya nyuma, kushoto, chini.

Nilidhani moja si kitu. Nikamwambia hivyo kwenye simu.

"Sitaiwasha ikiwa na tundu," alisema. "Ikifungwa yote, nitaiwasha. Nataka niisikie tena kabla sijaondoka duniani, Dirishani. Wewe umekaa na malori huko. Malori yana skrubu."

"Madamu, skrubu za malori ni kubwa kama kidole gumba."

"Sikukuuliza ukubwa."

Niseme kitu hapa. Baada ya mafuriko chumba cha mbele hakikupata tena wanafunzi. Vijana wanachapa kwa simu, vidole gumba viwili, na hakuna anayetaka kufundishwa kufungua mfuniko. Treni mpya ya umeme inapita, mtu anafika Morogoro kabla chai yake haijapoa, nani atakaa Kilosa kujifunza taipu? Nyumba iliyokuwa na mlio wa mashine kumi na kicheko cha wasichana ilibaki na jogoo. Niliyaona haya nilipokwenda kumpa pole, na yaliniuma, nikajiambia angalau hii skrubu nitampatia.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Rudewa, maana nilikumbuka lile lori. Ofisi ya zamani ya mkonge imebaki kuta na bati chache. Mlinzi, mzee mpole, alinionyesha kompyuta ile ile, rangi ile ile ya ufuta, wameiweka chini kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Chukua yote, mama, itanipunguzia kujikwaa."

"Nataka skrubu moja tu. Ya nyuma, kushoto, chini."

Akanitazama kwa huruma. "Umeambiwa na mganga?"

Nilimhakikishia kwamba nimeambiwa na mwalimu wangu, na nadhani hakuona tofauti. Niliitoa kwa bisibisi yangu: kichwa cheusi chenye pembe sita, nyota imechongwa katikati, ukosi mdogo chini ya kichwa, na meno yaliyoachana, si yale ya karibu karibu ya skrubu za redio. Nikaipaka kichwani rangi ya kucha ya binti yangu, ya zambarau, isije ikachanganyika na vibanio vya nywele kwenye pochi. Kichupa kiliishia hapo hapo. Nilikwenda Kilosa moyo unaruka.

Madamu aliipokea kwenye kiganja, akaizungusha kati ya vidole, akaingia nayo chumbani ambako mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Pazia likashuka. Hakuruhusu mtu aingie humo. Nilikaa barazani, nikasikiliza, sikusikia kitu. Alikawia. Alipotoka alikuwa ametulia sana.

"Siyo hii," alisema. "Inafanana tu. Utajaribu tena. Sasa karibu chakula."

Sikubishana. Nani angebishana na Madamu kuhusu skrubu?

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu ya pembeni, na nikiri kwamba niliipenda. Kila fundi ana kopo lake, la maziwa ya unga au la rangi, na ndani yake kuna skrubu za kila kitu kilichokwishakufa katika mji huo. Nilijifunza kuingiza mkono na kutambua kwa ncha za vidole. Fundi simu jirani yangu pale Mikumi alinionea huruma.

"Maza, hapo tunapiga gundi tu. Nani ataona?"

"Ataona."

"Nani sasa?"

"Madamu."

"Kwani yuko wapi huyo?"

"Kilosa."

Aliguna, akarudi kwenye simu zake, lakini tangu siku hiyo kila skrubu nyeusi aliyoikuta aliniwekea pembeni. Ruhembe kuna fundi wa trekta za miwa aliyenimwagia sanduku zima kwenye turubai, akaomba radhi kwamba zake zote ni kubwa. Magole, siku ya mnada, kuna kijana anayetandaza vyuma chakavu na chaja za simu, yeye alinizoea mpaka akawa ananiita Mama Skrubu. Nyembamba, kwa maneno ya Madamu, zilicheza kwenye tundu, nene ziligoma, na nilizipeleka zote, kila moja na doa lake la rangi ya kucha, sasa nyekundu.

Nilikwenda Jumamosi, si kila Jumamosi, ila nyingi. Mikumi hadi Kilosa si mbali kwa mtu mwenye sababu. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: kucha, shikamoo, marahaba, skrubu, pazia, siyo. Halafu chakula kisicho na chumvi au chenye chumvi ya watu wawili, halafu chai ya tangawizi na maneno. Ndiyo niliyoyafaidi. Alinisimulia mambo ambayo darasani hakuyagusa: mchumba ambaye yeye mwenyewe alimkataa kwa sababu mwanamume huyo alikuwa anatafuna akiongea, jinsi alivyojifunza taipu kwenye misheni kwa kibodi iliyochorwa kwenye ubao, jinsi anavyoota bado yuko darasani na wanafunzi wote wamekaa sehemu zao. "Naita Dirishani," alisema, "na hakuna kitu dirishani." Mimi nilikuwa namwambia ya mume wangu, ambaye siku zile alikuwa mgonjwa, na baadaye ya kuishi bila yeye. Hakunipa ushauri. Alinimiminia chai.

Sasa hayupo. Aliondoka kimya, asubuhi, na alizikwa milimani kwao. Mpwa wake aliniletea mashine dukani kwa sababu, alisema, shangazi aliacha maneno kwamba iende kwa Dirishani, na ilimchukua muda kujua huyo Dirishani ni mtu. Iko hapa kwenye meza, karibu na mashine ya kopi. Wateja wakiisubiri karatasi yao wanaizunguka, wanaipapasa, na mmoja mmoja ananiambia, "Mama, hapa nyuma pamekosa skrubu." Nawajibu najua. Kuna siku namkumbuka vibaya, yaani mpaka natoka nje nisimame barabarani niangalie malori.

Nataka kumalizia na Jumamosi moja, karibu na mwisho wake. Masika yalikuwa yameisha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, daktari alisema ni mtoto wa jicho, na yeye alisema mtoto gani anakuja uzeeni. Nilifika na skrubu ya Magole. Nikamwamkia. Hakutazama kucha zangu. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Leo utaingia mwenyewe ujaribu. Mimi tundu silioni tena."

Niliinua pazia kwa mara ya kwanza. Mashine ilikuwa juu ya meza, safi, mgongo umeelekea dirishani, na kando yake kisosi kimejaa skrubu zangu za miaka yote, vichwa vyekundu. Madamu aliingia akishika ukuta, akakaa kwenye kiti, akanipa mgongo kama zamani, kitambaa chake cha kufuma mapajani. Nilijaribu ile ya Magole. Ikasaga mzunguko wa kwanza tu.

"Toa," alisema. "Siyo yake."

Nikaitoa, nikaiweka kwenye kisosi, na ndipo nilipoiona ya zambarau. Ilikuwa pembeni, peke yake, imetengwa na nyingine. Rangi imebanduka kidogo kwenye kingo. Ni ile ya Rudewa. Sijui kwa nini niliichukua, labda mkono umezoea. Niliiweka kwenye tundu na kuizungusha, ikaingia. Haikucheza, haikugoma. Nikaendelea, nayo ikaendelea, kimya kabisa, mpaka ukosi ukakaa kwenye bati.

Nyuma yangu vidole vya Madamu vilikuwa vimeacha kufuma.

Nilikasirika, sitaficha. Nilifikiria Ruhembe kwenye jua, na mikono yangu kwenye makopo ya watu, na vijana waliocheka. Ilikuwa ndiyo yenyewe, tangu siku ya kwanza. Alijua. Alikaa nyuma ya pazia lile akaifunga, akaifungua, akatoka akaniambia siyo. Mashine aliyotaka kuisikia angeweza kuiwasha jioni ile ile. Halafu niliona zile Jumamosi. Nikaona chai, na mume wangu akiwa hai katika maneno yangu, na baraza lile, na njia ya kurudi Mikumi nikiwa mwepesi. Nikaelewa kwamba angeiwasha, mimi ningempongeza, ningefurahi sana, na nisingekuwa na sababu ya kurudi. Tungepigiana simu sikukuu. Yeye alichagua kuisubiri sauti ya mashine kuliko kukosa ya mtu.

Swichi ilikuwa pale, karibu na mkono wangu. Madamu alikuwa amekaa hivyo hivyo, shingo imenyooka, anangoja, na nadhani alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa.

Nikaweka bisibisi kwenye nyota, nikaifungua pole pole, nikairudisha kwenye kisosi.

"Siyo hii, Madamu," nilisema.



"Umeangalia vizuri, Dirishani?"

"Nimeangalia."

"Meno?"

"Meno yanakataa."

Aliugusa uso wake kwa ncha ya kanga, akaanza kufuma tena. "Basi utajaribu tena," alisema. "Jumamosi."

"Jumamosi, Madamu."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa wangu nikidhani anataka kusaidiwa kuinuka. Alizipapasa kucha zangu, moja baada ya nyingine, mpaka kidole cha mwisho.

"Marahaba," alisema. "Twende ukale."